Maji safi na maji salama si kitu kimoja

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama. Ni maneno mawili, na "na" katikati yake ina kazi. Lakini mvua ikipiga Nairobi, mitaro ikafurika na mabomba ya plastiki yaliyopita humo yakanyonya majitaka kupitia nyufa, utasikia: "Kunywa tu, nimeyachuja, ni safi."

Kwa ufupi, maji safi hayana tope, rangi wala harufu. Maji salama hayana vijidudu wala kemikali za kudhuru.

Yote mawili tumeyapata kwa Waarabu. Safi kwao ni kitu kisicho na ukungu: anga lisilo na wingu, kinywaji kisicho na mashapo. Ni neno la macho. Salama ni ndugu ya kusalimika, kwa hiyo linahusu mwili wa mnywaji na hali yake kesho asubuhi. Jicho haliwezi kulishuhudia.

Kuchuja nako ni neno la jikoni. Ukikamua nazi, chujio linazuia machicha na tui linapita. Kwa maji ya mafuriko, tope ndilo machicha. Bakteria, mwenye urefu wa maikromita (elfu moja ya milimita) moja au mbili, hupita na tui. Hata chujio la mchanga linalopitisha maji polepole, lililojengwa na James Simpson jijini London mwaka 1829, halitegemei mchanga pekee. Juu yake huota utando wa viumbe hai wanaonasa na kula vijidudu; ukiukwangua, maji ya siku za mwanzo hayaaminiki mpaka uote tena. Mwaka 1892 Hamburg na Altona, miji jirani ya Ujerumani, ilikunywa mto mmoja, Elbe. Altona ilipitisha maji yake mchangani, Hamburg haikufanya hivyo, na kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 Hamburg.

Kuchuja kwa kitambaa bado kuna maana, kwa sababu tope hula klorini, dawa ya kuua vijidudu. Ukiitia kwenye mtungi wa lita 20 uliochafuka, uchafu huimaliza kabla haijawafikia vijidudu. Acha maji yatulie, mimina ya juu kupitia kitambaa kilichokunjwa, ndipo utie klorini kwa kipimo cha lebo, utikise, ufunike na usubiri dakika 30. Yakifunguliwa, yawe na harufu hafifu ya klorini. Yasiponuka kabisa, huenda dawa imeliwa yote. Kuchemsha pia kunatosha: hapa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, na joto hilo linaua vijidudu vya maradhi.

Kosa lipo upande wa pili vilevile. Maji ya visima virefu vya Nairobi yanaweza kuwa maangavu kama kioo huku yakibeba madini ya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu cha WHO. Hayo ndiyo hutia meno ya watoto madoa ya kahawia. Klorini haiondoi floraidi, na kuchemsha huizidisha, maana maji hupungua nayo hubaki.

Basi ukiwa umeyapitisha kitambaani tu, mwambie mgeni "nimeyachuja". Atajua bado yanangoja klorini au moto.