Mwizi wa korosho yuko nje: polisi wamehongwa?

Msimu wa korosho ukianza Newala au Masasi, hadithi ni ile ile. Kijana kakamatwa na gunia lisilo lake, kesho yake yuko kijiweni anakunywa kahawa. Watu hawasubiri maelezo: "Polisi wameshakula hao."

Huenda hawajala kitu. Kwa makosa mengi, wizi wa gunia ukiwemo, dhamana ni haki ya mtuhumiwa. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Mdhamini anasaini hati pale kaunta, inaandikwa kiasi atakachodaiwa yeye mdhamini endapo mtuhumiwa atatoroka, basi. Halipi hata senti. Mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha ni habari nyingine. Hayo hayana dhamana.

Lakini jalada halifungwi. Mpelelezi bado anahitaji mashahidi, na hapo ndipo kazi ya uaskari inapokatisha tamaa: mlalamikaji kishaamini kesi imeuzwa, simu hapokei, na jirani aliyeliona gunia likibebwa sasa anasema usiku ule alikuwa amelala. Kesi inakufa kwa kukosa ushahidi, mtaa unasema si tulijua! Raha ya kazi hiyo, nadhani, ni siku mlalamikaji anapotokea mahakamani na RB yake (namba ya taarifa aliyopewa polisi) mkononi na kueleza mwanzo hadi mwisho.

Rushwa ipo, sikatai. Ila dalili yake si mtuhumiwa kuwa nje, ni kuombwa hela ya dhamana. Ukiombwa, piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113, ni bure.