Filamu ya kung fu ya zamani: ni nini hasa, na ipi inafaa kutazamwa

Ukitaja filamu ya kung fu, wengi watafikiria picha yoyote ya Kichina yenye ngumi na mateke. Maana hiyo ni pana mno. Kwa wanaozifuatilia, filamu ya kung fu ya zamani ni kazi ya Hong Kong, na kwa kiasi fulani Taiwan, iliyotengenezwa takriban kati ya mwaka 1970 na katikati ya miaka ya 1980. Watu wanapigana kwa mikono, miguu na silaha za jadi, hakuna anayetatua jambo kwa bastola, na namna mtu anavyopigana ndiyo inayobeba hadithi. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachotenganisha filamu ya kutunzwa na ile ya kupitisha jioni. Ukiweza kuondoa pambano na hadithi ikabaki ilivyo, hiyo ni filamu ya kawaida iliyonyunyiziwa ngumi.

Kabla ya ngumi kulikuwa na upanga. Miaka ya 1960 watazamaji wa Hong Kong walipenda mashujaa wa kale wanaoruka juu ya mapaa na kukata maadui kumi kwa pigo moja. King Hu alitoa "Come Drink with Me" mwaka 1966, na Chang Cheh akafuata na "One-Armed Swordsman" mwaka 1967. Huko ndiko nyota wa kwanza walikotengenezwa, lakini wengi wao hawakuwa wapiganaji. Cheng Pei-pei, aliyebeba filamu ile ya King Hu, alikuwa mcheza dansi, na mwongozaji alimchagua kwa sababu hiyo hiyo. Mikono mitupu ilikuwapo tayari kwenye filamu za Kikantoni, hasa mfululizo mrefu ulioanza mwaka 1949 ambamo Kwan Tak-hing aliigiza kama Wong Fei-hung, tabibu na mwalimu wa kweli wa Guangdong. Ila ni "The Chinese Boxer" ya mwaka 1970, kisha Bruce Lee mwaka uliofuata, zilizowashawishi wenye mitaji kwamba ngumi zinauza kuliko panga.

Wenye mitaji wakubwa walikuwa wawili. Shaw Brothers walikuwa na studio yao Clearwater Bay, ambako waigizaji walifungwa kwa mikataba na wengi waliishi mabwenini humo humo. Golden Harvest ilianzishwa mwaka 1970 na Raymond Chow, aliyetoka kwa Shaw. Ukitazama filamu kadhaa za Shaw mfululizo utaanza kuutambua ua ule ule, daraja lile lile, hata nyumba ya wageni ile ile yenye ngazi za mbao zinazosubiri kuvunjwa. Walikuwa wakifyatua filamu kwa haraka, na ubora uliopatikana ulitokana na watu waliokuwa ndani ya mfumo huo kuliko mfumo wenyewe.

Na watu hao walikuwa na kitu kisichonunulika kwa haraka, yaani miili iliyofunzwa tangu utotoni. Jackie Chan, Sammo Hung, Yuen Biao na wenzao walilelewa katika shule ya opera ya Kipekingi ya mwalimu Yu Jim-yuen, wakifundishwa sarakasi, kuimba na kutumia silaha tangu wakiwa wadogo, kwa nidhamu ambayo leo tungeiita ukatili. Lau Kar-leung, ambaye kwangu ndiye mwongozaji mkuu wa aina hii yote, alifundishwa na baba yake Lau Cham. Baba huyo alikuwa mwanafunzi wa Lam Sai-wing, na Lam Sai-wing alifundishwa na Wong Fei-hung mwenyewe. Kwa hiyo Lau alipotengeneza filamu kuhusu Wong Fei-hung alikuwa akisimulia habari za baba wa babu yake kwa njia ya ualimu.

Ukiwa na watu wa namna hiyo, kamera haina haja ya kudanganya. Inasimama mbali kidogo, inamwonyesha mpiganaji kuanzia utosini hadi unyayoni, na inakaa hapo. Katika pambano zuri la mwaka 1978 unaweza kuhesabu mapigo kumi au zaidi kabla picha haijakatwa, na kila pigo unaliona likitoka, likikingwa, likigeuzwa kuwa shambulio jingine. Ni kama majibizano ya malenga wawili: mmoja anatupa fumbo, mwenzake analifumbua na kurudisha lake, nawe unafuata hoja hadi mmoja aishiwe maneno. Ukiona filamu ambayo picha inakatwa kila ngumi inaporushwa, na kamera inatikisika kiasi kwamba hujui nani kapigwa, aghalabu kuna mwigizaji asiyeweza anayefichwa.

Wapangaji wa mapigano walijali sana mdundo, na hapo malezi ya opera yanaonekana. Mapigo yanakuja kwa mfululizo wa haraka, kisha wapiganaji wanaganda kwa nusu sekunde, kila mmoja katika mkao wake, kisha wanaanza tena. Kituo hicho kidogo kinakupa nafasi ya kuona nani yuko juu. Mara nyingi kamera ilirekodi kwa kasi ya chini kidogo ya kawaida ili miondoko ionekane ya haraka zaidi ikionyeshwa. Sauti haikurekodiwa wakati wa kupiga picha: maneno, ngumi na hata mshindo wa mikono ya kanzu ikikata upepo viliongezwa baadaye studioni. Midomo kutolingana na maneno, jambo linalochekwa sana, lilikuwapo hata kwenye nakala za Kichina.

Mfano wa kukaa nao ni "The 36th Chamber of Shaolin", aliyoiongoza Lau Kar-leung mwaka 1978. Kijana msomi anaona mwalimu wake na jamaa zake wakiuawa na askari wa utawala wa Wamanchu. Anakimbilia hekalu la Shaolin akiwa na jeraha na anapokewa kwa shingo upande. Mwaka mzima anafagia. Anapoomba kufundishwa anaambiwa kuna vyumba thelathini na vitano, achague. Yeye, kwa haraka ya kisasi, anachagua cha juu kabisa. Anaingia na kukuta watawa wazee wanasoma maandiko, haelewi neno, na nguvu isiyoonekana inamtupa nje. Anarudishwa mwanzo kabisa.

Sehemu inayofuata ndiyo moyo wa filamu, nayo ni ndefu kupita desturi: anajifunza bila kupigana na mtu. Ili kufika chumba cha chakula lazima avuke bwawa kwa kukanyaga magogo yanayoelea, na akitumbukia anakula akiwa ameloa, au hali kabisa. Anabeba ndoo za maji kwa mikono iliyonyooshwa pembeni huku visu vimefungwa chini ya mikono, akichoka tu mbavu zinachomwa. Anagonga kengele kwa nyundo iliyo kwenye ncha ya mti mrefu, akiishika mwishoni kabisa, mpaka kifundo cha mkono kipate nguvu. Anafuata mwanga wa mshumaa kwa macho bila kugeuza kichwa, huku udi mkubwa unawaka kila upande wa uso wake. Gordon Liu, aliyeigiza kijana huyo, alikuwa mwanafunzi wa Lau Cham, na maumivu unayoyaona usoni mwake hayaonekani kuwa ya kuigiza yote.

Kisha linakuja jambo ambalo filamu nyingi za kuiga zilishindwa. Amemaliza vyumba vyote, lakini mtawa mkuu wa nidhamu anamshinda kwa visu viwili, tena na tena. Anajifungia, anafikiri, na mwishowe anabuni silaha: fimbo yenye vipande vitatu vilivyounganishwa kwa minyororo. Anashinda. Anapoulizwa anataka kusimamia chumba kipi, anaomba kuanzisha cha thelathini na sita, cha kuwafundisha raia wa kawaida wasio watawa. Kuomba hivyo ni kosa, anafukuzwa hekaluni, na kisasi chake kinageuka kuwa kazi ya kukusanya wanafunzi. Yote hayo hayasemwi kwa hotuba. Unayajua kwa sababu ulimwona alivyokuwa anashika ndoo mwanzoni na anavyozishika baadaye.

Mwaka huo huo Yuen Woo-ping alitoa "Drunken Master", na humo Wong Fei-hung yule yule mheshimiwa ni kijana mtukutu aliyeigizwa na Jackie Chan. Anafundishwa na mzee mlevi mitindo ya malaika wanane walevi wa hekaya za Kichina. Saba anajifunza. Wa nane ni mwanamke, na kijana anaona haya kujifunza miondoko ya kike, basi anadanganya kwamba kashika yote. Katika pambano la mwisho, dhidi ya muuaji wa kukodiwa mwenye mateke ya kutisha, mitindo saba inaisha na adui bado amesimama. Inabidi abuni wa nane papo hapo, akibinua kiuno na kupaka poda isiyokuwapo. Ni kichekesho, lakini ni uandishi wa hali ya juu pia, kwa sababu kosa la tabia lililopandwa katikati ya filamu linakuja kudaiwa ndani ya pambano lenyewe.

Adui, basi, ana kazi kubwa. Lazima amzidi steringi kwa jambo mahususi, si kwa misuli tu. Katika "Executioners from Shaolin" ya mwaka 1977, pia ya Lau Kar-leung, adui ni Pak Mei mwenye nyusi nyeupe, anayeweza kuurudisha uume wake ndani ya mwili na kunasa mguu wa anayempiga teke hapo. Cheka, lakini tazama linavyotumika. Shujaa anafanya mazoezi miaka mingi kwa mtindo wa simbamarara aliouzoea, anakataa mtindo wa korongo ambao mkewe anaujua, anakwenda kupigana na anakufa. Ile kanuni ya vibanda vya video inayosema steringi hafi hapa imevunjika. Ni mwanawe, aliyechanganya wa baba na wa mama, anayemaliza kazi.

Na Bruce Lee? Nitasema kitu kitakachowaudhi baadhi: filamu zake, ukimtoa yeye, ni za kawaida. Hadithi za "The Big Boss" na "Fist of Fury" ni nyembamba, na "Enter the Dragon" ya mwaka 1973, ambayo ndiyo maarufu kuliko zote, ina wapinzani wachache wanaomfikia. Alifariki tarehe 20 Julai 1973, kabla filamu hiyo haijaanza kuonyeshwa, na kifo hicho kimeipa uzito ambao skrini peke yake isingeipa. Lakini pambano lake na Chuck Norris ndani ya Colosseum ya Roma, katika "The Way of the Dragon" aliyoiongoza mwenyewe mwaka 1972, ni somo kamili. Wanaanza kwa kunyoosha viungo kimya. Bruce anashambulia kwa mtindo mgumu, anapigwa, anaanguka. Kisha anaanza kurukaruka kwa vidole vya miguu, analegeza mabega, na pambano linageuka mbele ya macho yako bila neno hata moja. Akishamuua mpinzani anaukunja mkanda wake na kumfunika kwa vazi lake. (Kung'oa nywele za kifuani za Norris katikati ya yote hayo ni utani ambao Bruce peke yake angeweza kuuweka na pambano lisiharibike.)

Baada ya kifo chake soko lilijaa filamu za waigaji wake, akina Bruce Li, Bruce Le na Dragon Lee. Nyingi kati ya hizo hazina sababu ya kutafutwa. Uzee haumpi mtu sifa ya kuitwa mkongwe wa maana, na Hong Kong ilitoa takataka kwa wingi kama kiwanda kingine chochote. Pia usidhani kwamba lazima damu imwagike. "Heroes of the East" ni ugomvi wa mume Mchina na mke Mjapani kuhusu mapigano ya nchi gani ni bora, mabingwa wa Kijapani wanakuja mmoja mmoja, na hakuna hata mtu mmoja anayeuawa. Na "My Young Auntie" ya mwaka 1981 ilimpa Kara Hui tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika sherehe ya kwanza kabisa ya tuzo za filamu za Hong Kong.

Kwetu Afrika Mashariki wengi walizijua filamu za namna hii kupitia sinema za mijini na baadaye kanda za video vibandani, zikisindikizwa na sauti ya mtafsiri: Lufufu Tanzania, DJ Afro Kenya. Watafsiri hao waliweza kuongeza mzaha na kuwabatiza wahusika majina mapya, na bado kila mtu ukumbini akajua nani kashinda na kwa nini. Filamu ambayo pambano lake linasimulia inavumilia hilo.

Kisichovumilika ni kukatwa kwa picha. Shaw Brothers walipiga kwa lenzi za picha pana, upana wake zaidi ya mara mbili ya kimo chake, na wapangaji waliitumia nafasi yote: mmoja ukingo wa kushoto, mwingine ukingo wa kulia, na fimbo katikati yao. Kanda za zamani, na nakala nyingi zinazozunguka mtandaoni hadi leo, zilikata pande zote mbili ili zijae televisheni ya mraba, ndiyo maana ngumi huonekana zikitokea pasipo mwenyewe. Ukianza na "The 36th Chamber of Shaolin", tafuta nakala yenye ukanda mweusi juu na chini ya picha, sauti ya Kichina na maandishi chini, na usiruke sehemu ya mazoezi.