Bata, kanga na kororo wa visiwani: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Bata wa uani ni ndege wetu wa asili." Wafugaji wengi wa Unguja na Pemba watakwambia hivyo, na si kweli. Yule bata mzito mwenye nyama nyekundu usoni, asiyepiga kelele bali hufoka kwa pumzi, chimbuko lake ni Amerika ya Kati na Kusini. Wenyeji wa huko walikuwa wakimfuga kabla meli za Wazungu hazijafika. Mtazame miguu: kucha zake ni kali na zimepinda, kwa sababu ndugu zake wa porini hulala juu ya miti kandokando ya mito. Ndiyo maana jike lako, usipomkata mbawa, magharibi likiingia anakuwa juu ya paa la banda au kwenye mwembe wa jirani. Mayai yake huatamiwa siku 35 hivi. Wale bata weupe wa kisasa ni ukoo mwengine kabisa, uliotokana na bata mwitu wa kaskazini mwa dunia, na mayai yao huanguliwa kwa siku 28. Ukiwachanganya utapata chotara wakubwa wenye nyama nyingi, lakini chotara hao hawazai. Anayewaweka akitarajia vifaranga anapoteza chakula chake.

Si bata peke yake. Bata mzinga asili yake ni Meksiko, na hata kuku tunayemwita wa kienyeji ametokana na kuku mwitu wa Asia ya Kusini-Mashariki.

"Bata bila bwawa hafugiki." Huyu wa uani anafugika vizuri tu. Anachotaka ni chombo chenye kina cha kuzamisha kichwa kizima, aoshe macho na matundu ya pua. Ukimwekea sahani ya chini, baada ya muda utaona macho yanatoa ute na kushikana.

Linaloniuma zaidi ni hili: "Kororo ni kanga waliotoroka kwa watu." Mtu akishaamini hivyo, haoni kosa kumtega, maana anajiona kama anamrudisha ndege wa bandani. Kororo ni ndege mwengine. Kanga ana pembe ya mfupa utosini na hupenda mahali pa wazi, penye majani mafupi. Kororo hana pembe. Ana shungi la manyoya meusi yaliyojikunja, ngozi nyekundu usoni, na mwili mweusi uliojaa vidoa vya samawati hafifu. Anaishi kwenye misitu na vichaka vizito, na ana tabia ya kuwafuata kima wakila juu ya mti, ili aokote matunda wanayoyadondosha. Unguja na Tumbatu, kisiwa kidogo cha jirani, ni kwao. Mjerumani Gustav Hartlaub alipomwandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi, mwaka 1861, ndege wa mfano alitoka Zanzibar. Anataga chini, kwenye majani makavu, kwa hiyo mitego, mbwa na ukataji wa vichaka vyote vinamfikia. Bandani unaweza kununua kanga mwengine kesho. Kororo wa Tumbatu akiisha, hakuna soko la kumpata.

"Nikiwaachia ndege wawili watatu porini, kisiwa kitapata hasara gani?" Jibu linalia juu ya minazi kila asubuhi. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Leo anavunja viota, anakula mayai na makinda ya ndege wadogo, ananyakua vifaranga uani, na ameenea mpaka bara. Miaka ya 1990 ilifanyika kampeni ya kumwangamiza Unguja. Akapungua sana, kazi iliposita akarudi. Pemba ina ndege wanne wasiopatikana penginepo duniani, akiwemo ninga wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba. Wanyama wa namna hiyo hawana pa kukimbilia.

Na madhara si ya kuliwa tu. Huko Hawaii, bata wa kufugwa walioachiwa wamepandana na bata wa asili wa visiwa vile, aitwaye koloa, mpaka sehemu kubwa ya visiwa hivyo imebaki na chotara. Koloa halisi wamesalia hasa kisiwa cha Kauai. Kwa hiyo mwenye bata wa ziada awauze, awachinje au amgawie jirani. Asiwapeleke kwenye mabonde ya mpunga.

Kware wa mayai akiachiwa hatazaa akajaza pori, kama wengine wanavyotumaini. Aliyefugwa kwa vizazi vingi amesahau kuatamia. Mayai yake huingizwa kwenye mashine, siku 17 au 18. Na yai hilo ni chakula kizuri, si dawa ya kisukari wala presha. Usiache vidonge vyako kwa ajili yake.

"Bata haugui kideri, basi hana neno." Ni kweli ugonjwa huo unaoua kuku humpata kwa nadra, lakini anaweza kubeba virusi bila dalili yoyote na kuwaambukiza kuku. Kanga na bata mzinga nao huugua. Chanjo ya tone la jicho wapewe kuku, kanga na bata mzinga wote siku moja, irudiwe kila baada ya miezi mitatu, na bata walale banda lao, mbali na vyombo vya maji vya kuku.