Tibia vara si ugonjwa wa watoto wanene pekee
Ujumbe unaorudi kila mara katika makundi ya gumzo hudai kwamba tibia vara, yaani hitilafu ya ukuaji wa mfupa wa muundi inayopinda mguu chini ya goti, huwapata watoto wanene tu. Ni kweli kwamba uzito mkubwa huongeza hatari, hasa kwa vijana, lakini watoto wembamba nao huugua. Wengi huchanganyikiwa kwa sababu miguu ya watoto wadogo hupinda kiasili, kisha hunyooka karibu na umri wa miaka 2. Upinde unaozidi baada ya hapo, au wa mguu mmoja, huchunguzwa kwa eksirei. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, kwani humlaumu mzazi na kumcheleweshea mtoto mwembamba matibabu.