Nondo kwenye toplinki

Mzee mmoja wa Ruai, pembeni mwa Nairobi, aliniletea Massey Ferguson 135 juu ya lori, na kabla hata hatujaiteremsha akaniambia, "Fundi, hii trekta imezeeka. Ikifika shambani inateleza tu. Nitafutie injini."

Nikazunguka nyuma yake. Magurudumu yamefungwa vibamba vya zege, vizito hasa, vimemiminwa ndani ya rimu za lori. Matairi yamejazwa maji. Toplinki, ule mkono wa juu unaoshika kichwa cha plau, imeshikiliwa na kipande cha nondo kilichopindwa ncha kwa nyundo. Nondo haikunishangaza, maana pini halisi hupotea wiki ya kwanza. Kilichonikera ni pale toplinki inapoingia mgongoni mwa trekta. Mtu alikuwa amepiga weldi mahali hapo, akagandisha kila kitu kikawa chuma kimoja.

"Injini yako ni nzima, mzee," nikamwambia. "Hii trekta imezibwa masikio."

Alinitazama kama mtu anayejiuliza kama amekuja kwa fundi au kwa mganga. Basi nikamkalisha, tukaagiza chai, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyomweleza, isipokuwa hapa nimeongeza historia ambayo yeye hakuwa na subira nayo.

Watu wengi wanaonunua matrekta ya zamani hudhani ile mikono mitatu ya nyuma ni kreni ya kunyanyulia jembe. Kunyanyua ni kazi yake ndogo kabisa. Kazi kubwa inafanyika plau ikiwa ardhini, wakati dereva anatazama mbele na hafikirii kabisa kilichoko nyuma yake.

Turudi mwaka 1917. Henry Ford alikuwa ameanza kutengeneza Fordson Model F, trekta la bei nafuu lililowatoa wakulima wengi kwenye farasi. Plau yake ilikokotwa kwa drobaa, ule mkia wa chuma wa kufungia mzigo nyuma ya trekta, namna ile ile ilivyokokotwa na wanyama. Lakini maksai plau ikinasa kwenye kisiki husimama. Injini haina akili hiyo. Magurudumu ya nyuma yakishindwa kuzunguka, nguvu ile ile hulizungusha trekta lenyewe kwenye ekseli, pua inapanda, na dereva anajikuta amelaliwa na chuma. Fordson liliwaua watu kwa njia hii, na jina baya likalifuata.

Ukitaka kuliona jambo hili bila kuhatarisha roho, nenda soko la Gikomba, Nairobi, asubuhi uwaangalie watu wa mikokoteni. Gunia likipangwa nyuma mno ya ekseli, mkokoteni unamnyanyua mwenyewe, miguu inaning'inia. Likipangwa mbele mno, mikono inakatika kwa uzito. Yule mzoefu hupanga mzigo kisha hushika mpini na kuupima kidogo kabla ya kuondoka, ajue uzito umekaa upande gani. Fordson halikuwa na mtu wa kushika mpini.

Aliyemleta mtu huyo ni Harry Ferguson, mtoto wa mkulima aliyezaliwa mwaka 1884 katika County Down, upande wa kaskazini wa Ireland. Alikuwa makanika Belfast, na tayari mwaka 1909 alikuwa amerusha ndege aliyoiunda mwenyewe, kwa hiyo alikuwa mtu wa kusumbua vitu hadi vikubali. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alipewa kazi ya kuzunguka mashambani kuhakikisha matrekta yanafanya kazi ipasavyo. Huko akaona kwamba trekta na plau vinafanya kazi pamoja bila kujuana. Akaanza kuvifunga viwe mwili mmoja. Mwaka 1925 akaomba hataza ya mfumo ambao hidroliki yake, ile nguvu ya oili inayonyanyua mikono, inafuata uzito wa kuvuta, na mwaka 1936 likatoka trekta alilolitengeneza pamoja na David Brown. Mwaka 1938 akapeana mkono na Henry Ford, na 1939 Ford 9N likaingia sokoni likiwa na mikono mitatu ya Ferguson. Makubaliano yale hayakuandikwa. Mjukuu wa Ford alipoyavunja, Ferguson akaenda kortini akidai dola milioni 251, na mwaka 1952 kesi ikaisha kwa dola milioni 9.25. Mtu yeyote aliyewahi kukopesha rafiki pesa bila karatasi atamwelewa.

Wakati huo huo, kule Coventry, Uingereza, alikuwa anatoa trekta lake la kijivu, TE20, lililoundwa kuanzia 1946 hadi 1956 kwa idadi inayozidi 500,000. Mwaka 1953 kampuni yake ikaungana na kampuni ya Massey-Harris, rangi ya kijivu baadaye ikapisha nyekundu, na 135 ya mzee wa Ruai ni mjukuu wa ukoo huo.

Sasa njoo nyuma ya trekta, tupige magoti.

Plau ikizama, udongo unairudisha nyuma kwa chini. Mikono miwili ya chini nayo inaivuta mbele. Kwa hiyo plau inataka kupinduka, kichwa kikitangulia mbele, na kinachoizuia ni toplinki. Ndiyo kusema kwamba plau ikiwa kazini, toplinki haivuti chochote. Inasukumwa kuelekea kwenye trekta. Wengi hubisha hapa, nami huwapeleka shambani tukatazame pini imeegemea upande gani wa tundu.

Udongo ukiwa mwepesi, msukumo ni mdogo. Ukifika kwenye kichanga kilichoshikana au mzizi, msukumo unaongezeka. Nyuma ya toplinki, ndani ya mgongo wa trekta, kuna springi nene. Msukumo unaibana kwa milimita chache tu. Milimita hizo zinapelekwa na fimbo hadi kwenye valvu ya pampu, pampu inavuta oili, mikono ya chini inapanda kidogo. Plau inapunguza kina kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, injini inapumua, kisha udongo ukilegea, inarudi chini. Hilo linatokea tena na tena katika kila mtaro bila dereva kugusa chochote.

Na hapo ndipo utamu ulipo. Mikono ikijaribu kuinua plau iliyobanwa na ardhi, uzito wa plau pamoja na udongo ilioubeba unahamia kwenye magurudumu ya nyuma. Trekta linakuwa zito wakati lile lile linapohitaji kushika ardhi, likimaliza linarudi wepesi wake. Msukumo wa toplinki nao unaizuia pua isipande. Ndiyo maana TE20, lenye uzito wa tani moja na kidogo tu, liliweza kulima palipohitaji matrekta mazito kuliko hilo. Plau ikigonga mwamba, springi inabanwa hadi mwisho, valvu inaachia oili, magurudumu yanapoteza ule uzito wa ziada na kuteleza mahali pamoja. Kuteleza huko kunamwokoa dereva.

Sasa fikiria springi iliyopigwa weldi. Trekta halisikii tena. Plau inazama hadi itakapozama, injini inalia, magurudumu yanateleza, na mwenyewe anadhani tatizo ni wepesi. Anaongeza zege. Anaongeza maji kwenye matairi. Sasa anabeba uzito ule hata anapovuta trela la nyasi, dizeli inaisha, na difu inazeeka kabla ya wakati wake.

Kupima springi hakuhitaji kifaa cha kompyuta. Toa toplinki, shika kile kichwa inapofungwa, kivute na kukisukuma. Kikicheza mbele na nyuma, kuna nafasi isiyotakiwa, nati ya ndani ikazwe. Kisha jaribu kukizungusha kwa vidole. Kinatakiwa kizunguke kwa shida kidogo bila kucheza. Kikigoma kabisa, umekaza mno au kutu imeingia. Ya mzee haikuzunguka hata kwa spana ya bomba, nasi tulijua sababu.

Jambo la pili ni vishikio. MF 135 ina viwili pembeni mwa kiti: kimoja cha posisheni, kingine cha drafti. Posisheni inaweka mikono kwenye urefu fulani na kuushikilia, inafaa kwa slasha (mashine ya kufyekea nyasi), boksi la kubebea au mashine ya kunyunyizia dawa. Drafti ndiyo inayomsikiliza toplinki. Nimekutana na madereva waliolima miaka kumi kwa posisheni peke yake kwa sababu aliyewafundisha naye alifundishwa hivyo. Kwa plau, mbinu ni kukiweka kishikio cha posisheni nje ya njia, halafu kukishusha cha drafti polepole hadi kina kifike pale unapotaka, kisha ukiache. Mkono uliozoea kuchezea kishikio kila dakika huona kazi hii kama uvivu.

Pampu ya ukoo huu imekaa chini ndani ya giaboksi, ikioga kwenye oili ile ile ya gia. Ni pampu ya pistoni nne na inadhibitiwa upande wa kuvuta, haiachi oili izunguke bure ikipata joto. Ubaya wake ni kwamba uchafu wowote wa gia ni uchafu wa hidroliki. Chomoa kijiti cha kupimia. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia kile kiatu cha mpira kwenye mkono wa gia kilichopasuka. Usilime hata mtaro mmoja zaidi.

PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, ina hadithi yake. Kampuni ya International Harvester iliuza trekta lenye shafti hiyo tangu 1918, na baadaye mizunguko 540 kwa dakika na meno sita vikawa kawaida ya dunia. Kasoro ilikuwa kwamba shafti ilitegemea klachi ile ile ya magurudumu. Ukikanyaga klachi ili usimame, slasha nayo inasimama katikati ya nyasi nzito. Mbaya zaidi ni kinyume chake. Nikiwa kijana niliwekwa juu ya Ferguson la kijivu kufyeka uwanja karibu na Ngong. Nilipofika kwenye ua wa kayaba nikakanyaga klachi kwa ujasiri wote. Visu vya slasha vilikuwa na kasi yao, na kasi hiyo ikarudi kupitia shafti, ikaingia giaboksi, ikayasukuma magurudumu. Trekta likaingia kwenye ua kama mgeni aliyealikwa. Miiba ya kayaba haisahauliki. Siku hizi siruhusu slasha kwenye trekta la aina hiyo bila kile kifaa cha shafti kinachoachia kuzunguka upande mmoja, na huwa nakikagua mwenyewe.

Trekta la Cockshutt 30 la Kanada, mwaka 1946, lilileta PTO yenye klachi yake. Massey Ferguson wao walitumia klachi ya hatua mbili: kanyaga nusu, magurudumu yanasimama huku PTO na hidroliki vikiendelea, kanyaga yote, kila kitu kinasimama. Anayenunua 135 akaikanyaga yote kila mara anailipia klachi ambayo hajawahi kuitumia. Lakini angalia kwanza, kwa sababu si kila 135 ilitoka kiwandani na hatua mbili.

Kabla sijasahau: kisiki haking'olewi kwa cheni iliyofungwa kwenye toplinki wala juu ya ekseli. Ukifunga hapo umerudi kwenye Fordson ya 1917. Cheni ifungwe kwenye drobaa, chini ya ekseli.

Tulikata weldi ya mzee taratibu kwa siku nzima, tukabadilisha springi na kichwa chake, tukamwaga maji ya matairi. Vibamba vya zege nilivifungua mbele yake, naye akavitazama vikianguka kama mtu anayeona mali yake ikitupwa. Jumamosi tukaenda Ruai, kwenye ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kushika kama gundi mvua ikinyesha. Mtaro wa kwanza alitembea kando ya trekta akiangalia tairi la nyuma. Wa pili akaacha kuangalia tairi, akaanza kuiangalia toplinki. Mtaro wa tatu akamwambia kijana wake ateremke, akapanda mwenyewe.

Vibamba viwili viko bado nyuma ya karakana. Kimoja tunafunikia shimo la maji, kingine vijana wanakalia wakila githeri. Nondo niliitia kwenye mkebe, na mkebe umejaa.