Shylock hakutubu, na wala si yeye mfanyabiashara

Jioni moja barazani Kibokoni, kahawa tungu ikizunguka, shekhe mmoja alishikilia kwamba yule mfanyabiashara anayetajwa katika jina la tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, ni Shylock, na kwamba kubatizwa kwake mwishoni ndiyo toba yake. Wengi wetu tulitoka shuleni na imani hiyo.

Mfanyabiashara ni Antonio, mwenye shehena baharini. Shylock ni Myahudi, mkopeshaji. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri kazi hii mwaka 1969 aliiita Mabepari wa Venisi, kwa wingi, na mimi naona wingi ule una maana yake.

Toba je? Itazame mahakama. Shylock ananoa kisu, ataka ratili ya nyama ya Antonio kwa deni la dukati 3,000, sarafu za zamani za dhahabu. Portia, mwanamke aliyejifanya mwanasheria, anamnasa: kata nyama, ila damu isidondoke hata tone. Shylock akishashindwa, mtawala anamsamehe asiuawe; Antonio ndiye anayetoa sharti kwamba Shylock awe Mkristo, na mtawala anatishia kuufuta msamaha huo akikataa. Shylock anasema ameridhika, kisha anaomba aende zake kwa kuwa hajisikii vizuri. Haonekani tena jukwaani. Mtu aliyetiwa kabali akasema "sawa", hiyo nayo ni toba?

Na huyo Antonio tunayemhurumia alikuwa akimtemea Shylock mate ndevuni. Hata siku ya kwenda kumkopa alimwambia huenda akamtemea tena. Nimeisoma tamthilia mpaka ukurasa wa mwisho. Hamwombi radhi popote.