Kosa la DMA kwenye Linux ya zamani: kabla hujaitupa diski

Maalim alitokea Langoni na mashine yake juu ya mkokoteni, ameifunika kikoi. "Mwanangu," aliniambia, "yeo ni siku ya tatu yaniganda. Nafungua picha moja, chai yapoa na haijafunguka. Nimeambiwa diski imekufa, ifomatiwe." Ndani ya diski hiyo mlikuwa na kazi ya miaka: tenzi na nyaraka za familia zilizoandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, alizoziskani ukurasa kwa ukurasa. Baadhi ya karatasi zenyewe zimeshaliwa na mchwa. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Niliiwasha, nikaandika dmesg, amri ya Linux inayoonyesha ujumbe wa kerneli (kiini cha mfumo), na mistari hii, ambamo hda ni jina la diski, ikawa inajirudia:

hda: dma_timer_expiry: dma status == 0x61
hda: DMA timeout error
hda: DMA disabled
ide0: reset: success

Wengi wakiona haya hukata tamaa na diski papo hapo. Mimi naomba usome kwanza yanasema nini.

Zamani prosesa ndiyo iliyokuwa ikibeba data kutoka kwenye diski, kipande baada ya kipande. Njia hiyo inaitwa PIO. Kwa DMA, prosesa inatoa agizo tu, kisha data inaingia yenyewe kwenye RAM, kama wapagazi wanaoshusha saruji kutoka jahazini na kuipeleka moja kwa moja ghalani. Wakimaliza, mmoja anabisha hodi kwa tajiri: tayari. Hodi hiyo ndiyo intarapti. Kosa la DMA maana yake kerneli imengoja hodi, muda umepita, hodi haikuja. Halikwambii kama mpagazi ni mgonjwa, au njia imefungwa, au mlango umeharibika.

Hata ile namba 0x61 ina habari yake. Ile 6 inasema vifaa vyote viwili kwenye kebo, yaani diski na sidiromu, vimeandikishwa kuwa vinaweza DMA. Ile 1 ya mwisho inasema uhamishaji bado unaendelea; tarakimu hiyo hujumlisha alama za 1, 2 na 4. Kama intarapti ingekuwa imefika, tarakimu hiyo ya mwisho ingekuwa na 4 ndani yake. Kama kidhibiti kingekuwa kimegundua kosa, ingekuwa na 2. Hapa hakuna 4 wala 2. Kazi imeanza, haijaisha, na hakuna aliyelalamika.

Kabla ya kugusa chochote kingine, nakili. Hili sina mjadala nalo. Niliichomoa diski ya Maalim, nikaiunga kwenye mashine yangu kwa adapta ya USB, nikatumia ddrescue, kwa sababu programu hiyo huandika ramani ya sehemu ilizosoma na ilizoshindwa, na ukikatika umeme unaendelea ulipoishia. Usitumie cp, amri ya kawaida ya kunakili, kwenye diski unayoishuku. Gigabaiti 40 zote zilisomeka bila kosa hata moja, na hiyo ikawa dalili ya kwanza kubwa: diski ile ile, nje ya mashine ile, ilikuwa nzima.

Dalili ya pili ilitoka kwa smartctl -a, amri inayosoma rekodi za afya ambazo diski hujiwekea. Mimi hutazama mistari mitatu kwanza. Namba 5 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa kwa sababu ya ubovu, namba 197 ni sekta zinazoshukiwa, na namba 199 ni data iliyoharibika njiani kati ya diski na mazabodi. Kwa Maalim, 5 na 197 zilikuwa sifuri. Ile 199 ilikuwa imepanda sana. Namba hiyo kwa kawaida hairudi nyuma hata ukitengeneza, kwa hiyo usiogope ukubwa wake. Iandike kwenye karatasi, kisha uangalie kama inaongezeka. Kama zingekuwa 5 na 197 ndizo zinazopanda, na kwenye dmesg kuna neno UncorrectableError, ningemwambia anunue diski nyingine siku hiyo hiyo. Ukiona BadCRC, shuku njia.

Njia yenyewe ni ule mkanda mpana wa kijivu. Kuna mkanda wa nyaya 40 na wa nyaya 80, na plagi zake zinafanana, zote zina matundu 40. Tofauti utaiona ukiuinamisha kwenye mwanga: wa nyaya 80 una mistari myembamba iliyobanana. Zile 40 za ziada ni za ardhi tu, zinatenganisha nyaya za data zisiingiliane. Kasi inayozidi UDMA/33, yaani DMA ya megabaiti 33 kwa sekunde, inauhitaji huo wa 80. Una mpangilio wake pia: plagi ya buluu inakaa kwenye mazabodi, nyeusi mwishoni kwenye diski ya kwanza, ya kijivu katikati kwa kifaa cha pili. Ukiugeuza, mazabodi inaweza kukosea kutambua ni mkanda gani. Na urefu usizidi inchi 18, kama sentimita 46. Nimeshakutana na mikanda mirefu kuliko hiyo kwenye mashine kubwa za mnara, na yote ilileta shida.

Mkanda wa Maalim ulikuwa wa 80 na umekaa sawa. Lakini nilipoutoa na kumulika pini za diski, tatu za pembeni zilikuwa zimepoteza mng'ao, na kwenye shina la mojawapo palikuwa na unga wa kijani mwembamba, kama ule unaouona kwenye sufuria ya shaba. Sisi huku tunaishi na hewa ya chumvi mwaka mzima, na kusi likivuma madirisha yanabaki wazi. Kompyuta inayokaa barazani kwenye mwanga mzuri ndiyo inayokaa pia kwenye njia ya chumvi. Nilisafisha pini kwa spiriti na mswaki laini, nikaacha zikauke kabisa, nikaweka mkanda mwingine.

Namba 199 ilisimama pale pale. Lakini siku ya pili kosa la DMA lilirudi mara moja, wakati sidiromu ilipoanza kuzunguka. Hapo nikaelekeza macho kwenye pawasaplai. Waya mwekundu unatakiwa kutoa volti 5, usishuke chini ya 4.75. Wa njano volti 12, usishuke chini ya 11.4. Nilipima ule mwekundu kwenye plagi ya bure huku sidiromu ikianza kuzunguka: 4.6. Kufungua pawasaplai muachie anayejua, maana kapasita za ndani hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomoa plagi. Mimi nilibadilisha nzima. Ile ya zamani ilikuwa na kapasita mbili zilizovimba vichwa.

Sasa, ushauri utakaoupata haraka kuliko wote ni kuzima DMA: hdparm -d0 /dev/hda, au ide=nodma kwenye mstari wa buti. Makosa yatanyamaza, ndiyo. Lakini utarudi kwenye PIO, ambayo hata kwenye karatasi haizidi megabaiti 16.7 kwa sekunde, na prosesa ya zamani italemewa. Kwangu mimi hiyo ni panadoli ya kukuvusha unaponakili data. Afadhali upunguze mwendo hadi UDMA/33 kwa hdparm -d1 -X udma2, ukishanakili, maana chaguo hilo la -X likikosewa linaweza kuharibu data.

Pahali pamoja tu nazima DMA bila kusita: unapoweka kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash badala ya diski. Adapta nyingi za bei nafuu hazikuunga zile nyaya mbili za kuomba na kukubali DMA. Kadi inasema inaweza, adapta haipitishi, na kosa halitaisha hata ubadilishe mkanda mara kumi.

Kwenye kerneli mpya hutaona hda. Mfumo wa zamani wa IDE uliondolewa kwenye toleo 5.14 mwaka 2021, na diski hizo hizo sasa zinaitwa sda chini ya libata, mfumo uliochukua nafasi yake. Kosa linakuja kwa sura ya ata1.00: exception Emask, likifuatwa na neno frozen, na kerneli yenyewe ikiona makosa yanazidi hushusha mwendo. Hapo hdparm -d haifanyi kazi tena. Andika libata.force=1.00:udma2 kwenye mstari wa buti, au libata.dma=3 kama tatizo ni kadi ya CompactFlash. Mkanda, pini na volti zinapimwa vile vile.

Mashine ya Maalim imehamishwa kutoka barazani hadi chumba cha ndani. Nakala moja ya tenzi iko kwake, nyingine kwa binti yake Mokowe, na kila mwezi ananisomea namba 199 kwa simu.